Mlimtuhumu Wapi?

Gari la usharika wetu lilianza kusumbua majuma machache baada ya Pasaka. Ni gari dogo la petroli, lenye silinda nne na gia za mkono, lililotengenezwa mwaka 1994 na kufika kwetu likiwa limekwisha kutumika kwingine. Usharika wetu uko katika milima ya Usambara. Mitaa yake imetawanyika juu ya vilima ambavyo mtu akisimama kimoja huweza kumwita jirani wa kilima cha pili, lakini kumfikia humchukua saa nzima. Gari hilo ndilo lililopeleka Chakula cha Bwana kwa wagonjwa, ndilo lililowafikisha wainjilisti kwenye mazishi, na usiku ndilo lililowashusha hospitali akina mama walioshikwa na uchungu. Kwa hiyo lilipoumwa, tuliumwa wote.

Sisi tunaosema hapa ni mchungaji na wazee wa kanisa. Tunasema kwa pamoja kwa sababu tuliyatenda kwa pamoja, na hakuna mmoja wetu awezaye kusema kwamba siku ile hakuwamo.

Dalili zilikuwa mbili, au ndivyo tulivyodhani. Ya kwanza, gari likiwa limesimama na injini inawaka, lilitetemeka hadi kioo cha pembeni kikacheza, na mlio ukawa unapanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa. Ya pili ilikuwa wakati wa kuondoka. Dereva akiachia klachi na kukanyaga mafuta, gari lilisita kwanza, kisha likashtuka na kwenda. Likishashika mwendo, tatizo lilipotea. Kwenye lami ya kushuka kutoka Soni kwenda Mombo lilikwenda vizuri kama zamani.

Fundi wa kwanza alisema ni plagi. Akazitoa zote nne, akaweka mpya, na gari likatulia siku mbili. Fundi wa pili alisema ni waya za plagi na chujio la mafuta. Fundi wa tatu akabadilisha pampu ya mafuta, na kabla ya kufunga boneti akapandisha kidogo mzunguko wa injini ili mtetemo usisikike sana. Tulifurahi juma zima. Baada ya hapo mtetemo ukarudi, na safari hii ulikuja na kelele zaidi. Tulikuwa tumekwisha kutumia shilingi 640,000, nyingi kati ya hizo zikitoka katika fedha tulizozitenga kwa ajili ya mabati ya nyumba ya mwinjilisti.

Sasa tukitazama nyuma tunaona kwamba kila fundi tulimuuliza swali moja tu: tubadilishe nini? Hatukumuuliza hata mmoja kwa nini.

Fedha zilipokwisha, tuligeukia watu. Wenye umri wetu tunakumbuka miaka ya uchakachuaji, petroli na dizeli zilipokuwa zikichanganywa na mafuta ya taa, mpaka Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuondoa faida ya mchezo huo. Mmoja wetu akasema dalili hizi anazijua, ni za mafuta machafu. Mwingine akafungua daftari la safari. Safari ya kuzunguka mitaa yote, iliyokuwa ikila lita 10, sasa ilikuwa inakula 13. Hatukuhitaji zaidi. Dereva ananunua mafuta ya bei nafuu kwenye madumu njiani, anaweka chenji mfukoni, na ndiyo maana injini inakufa. Maneno yalijipanga yenyewe, na kila mmoja wetu aliyaona yana mantiki.

Dereva alikuwa kijana wetu wa miaka 26. Tulimfundisha kipaimara sisi wenyewe, na mama yake ni nguzo ya kikundi cha wanawake. Tulimwita ofisini siku ya Alhamisi jioni. Tulikuwa watu saba, yeye akawekewa kiti kimoja katikati.

Alisikiliza, kisha akasema mambo matatu. Kwanza, gari linasita zaidi likiondokea mlimani kuliko likiondokea tambarare. Pili, likiwa limesimama, ukikanyaga breki mlio wa injini hubadilika. Tatu, pedali ya breki imekuwa ngumu, hasa ukishaikanyaga mara mbili au tatu mfululizo.

“Wazee wangu,” akasema, “kabla hamjaniuliza habari za mafuta, naomba mtu aangalie breki.”

Mmoja wetu akamjibu, “Kijana, tunakuuliza petroli, unatujibu breki?” Tukacheka kidogo. Kicheko kile tunakikumbuka kuliko maneno mengine yote ya siku ile.

Hatukumfukuza. Kanisani tuna maneno laini kwa mambo magumu, nasi tulimwambia apumzike kwanza. Akaweka funguo mezani, akasema asante, akatoka. Kufikia Jumapili habari zilikuwa zimefika mitaa yote, na hakuna aliyekubali kuwa amezipeleka yeye. Kijana hakuonekana kwaya. Mama yake alikuja, akakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, akaondoka kabla ya baraka.

Tangu siku ile mafuta tulinunua sisi wenyewe, kwa kituo kikubwa cha barabarani, na risiti tukaitunza. Gari likaendelea kutetemeka. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama na kujiuliza. Sisi tukasema: ameshaiharibu injini. Ndivyo tuhuma ilivyo ikishapewa kiti. Ushahidi wa kuikanusha ukifika mlangoni, nayo huugeuza kuwa ushahidi wake.

Kisha ikaja usiku wa mwezi Julai. Mzee mwenzetu mmoja alikuwa anamshusha hospitali mama aliyeshikwa na uchungu. Walipofika kwenye kona moja kali alikanyaga breki mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu pedali ikakataa kama jiwe. Alisimama juu yake kwa miguu miwili. Gari lilisimama tairi moja la mbele likiwa ukingoni mwa mfereji. Mama alijifungua salama alfajiri, mtoto wa kike, nasi tulimshukuru Mungu. Lakini mzee yule aliporudi mikono yake ilikuwa inatetemeka, na hakutaka kushika funguo tena.

Hata hapo hatukuikumbuka ile Alhamisi. Tulisema sasa gari limepata ugonjwa wa pili, tukatafuta fundi wa breki.

Tulielekezwa kwa mzee mmoja wa Mombo, aliyetumia ujana wake kutunza mashine katika mashamba ya mkonge upande wa Korogwe. Ni Mwislamu, mtu wa maneno machache. Tulishuka watatu, taratibu, mchana kweupe, kwa gia ndogo.

“Karibuni,” akasema. “Linaumwa nini?”

“Breki, mzee. Na injini inamisi, lakini hiyo ni habari nyingine.”

“Nani kasema ni habari nyingine?”

Hatukuwa na jibu. Akazunguka gari mara moja bila kuligusa, kisha akauliza, “Nani huliendesha kila siku?”

“Alikuwepo kijana. Ameacha.”

“Ameacha, au mmemwachisha?”

Tukatazama chini. Akavuta kigoda, akakaa. “Mpigieni simu aje. Nyinyi mtanieleza mnachodhani. Yeye atanieleza alichokiona.”

Tulijaribu kumwambia kwamba kijana yuko mbali na nauli ni gharama. Akasema hana haraka. Basi tukapiga simu, na simu ile ilikuwa nzito kuliko mahubiri yoyote tuliyowahi kuandaa. Hatukujua tuanzeje, tukasema tu kuna fundi anamhitaji. Alikuja baada ya saa mbili na nusu, mkononi ameshika kopo la maziwa ya unga.

“Shikamoo, mzee. Shikamooni, wazee.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa hapa unieleze.”

Fundi alimhoji kwa muda wa robo saa. Lilianza lini? Kwa ghafla au kidogo kidogo? Injini ikiwa baridi au moto? Tambarare au mlimani? Ukikanyaga breki unasikia nini? Kijana akajibu moja baada ya jingine, na yale mambo matatu ya Alhamisi yakatoka tena, vilevile, kwa mpangilio uleule. Safari hii yalipata mtu wa kuyasikia. Tulikuwa tumesimama kando, na tukatambua kwamba sisi tulimuuliza swali moja tu, tena swali lenyewe lilikuja na jibu lake ndani.

Kisha akafungua kopo. Ndani mlikuwa na zile plagi nne za zamani. Alizihifadhi tangu siku zilipotolewa, kila moja amezungushia kipande cha karatasi chenye namba ya silinda yake. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu kwenye ncha, rangi ya injini inayochoma vizuri. Ya nne ilikuwa nyeupe kama chokaa.

Mzee akaigeuza kwenye mwanga. “Hii imekuwa ikisema tangu mwanzo,” akasema. “Plagi ikiwa nyeusi yenye masizi, silinda inapata mafuta mengi kuliko hewa. Ikiwa nyeupe hivi, hewa imezidi. Silinda tatu nzima, moja nyeupe. Basi mafuta si machafu. Mafuta machafu yangeingia kote kunne. Hapa kuna hewa inayoingia karibu na silinda hii bila ruhusa.”

Hakuna aliyetikisika. Kesi yetu yote ilikuwa imeanguka kwa plagi moja iliyokaa ndani ya kopo.

Akamwambia kijana akae kwenye usukani, injini imezimwa, akanyage breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, aishikilie hivyo, kisha awashe. Katika gari zima, alitueleza, injini ikiwaka pedali huzama kidogo chini ya mguu, kwa sababu injini imeanza kusaidia. Hapa pedali haikuzama. Injini iliwaka ikitetemeka kama kawaida yake. Mzee akachukua koleo, akalizungushia kitambaa ili lisikate, akapitisha mkono chini, nyuma ya injini, akaubana mpira mmoja mnene.

Injini ikatulia palepale. Kwa mara ya kwanza tangu Pasaka kioo cha pembeni kilisimama. Akaachia koleo, mtetemo ukarudi. Akabana, ukaondoka. Alifanya hivyo mara tatu, pengine kwa ajili yetu.

Mpira ule unatoka kwenye bomba la kuingizia hewa katika injini na kwenda kwenye chombo kinachosaidia breki. Injini inapounguruma bila kukanyagwa mafuta, mlango wake wa hewa huwa karibu umefungwa, nayo huvuta kwa nguvu kubwa kama mtu anayenyonya mrija ulioziba. Mvuto huo ndio chombo cha breki hukopa ili mguu wa binadamu uweze kusimamisha gari. Mpira wetu ulikuwa umekakamaa kwa umri, na upande wa chini, mahali pasipoonekana, ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Injini za petroli zinahitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta, na kompyuta ya gari hupima hewa inayopita mlango wake halali. Hewa ya kwenye ufa haikupimwa na yeyote. Kwa hiyo mchanganyiko ulikuwa mwembamba, silinda iliyo jirani ikashindwa kuwasha sawasawa, injini ikatetemeka. Gari likiondoka, hasa mlimani, injini huinama kidogo kwenye mipira inayoishikilia, na ufa ukapanuka, ndipo likasita. Likishika mwendo injini humeza hewa nyingi mno, na ile ya ufa ikawa kidogo isiyohesabika. Kuhusu mafuta, injini isiyochoma vizuri hula zaidi kwa kazi ileile, kwa hiyo zile lita 3 zilizotupa uhakika nazo zilikuwa zimepita kwenye ufa huo. Na breki zilikuwa ngumu kwa sababu mvuto uliokuwa haki yao ulikuwa unavuja.

Ulikuwa ugonjwa mmoja, na dalili zake zote tatu kijana alikuwa ametupa bure.

Mzee akakata mpira mpya, ule mgumu usiosinyaa ukivutwa, akaufunga kwa klipu mbili, akarudisha mzunguko wa injini mahali pake. Hakumaliza nusu saa. Malipo yake pamoja na mpira yalikuwa shilingi 35,000.

Tulimgeukia kijana. Mmoja wetu, yule anayevaa kola, akasema, “Mwanetu, tumekukosea. Utusamehe.” Wengine tukaitikia. Kijana alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, na aliendelea kufuta hata baada ya mikono kuwa safi.

Fundi mzee ndiye aliyesema. Hakuinua sauti. “Mchungaji, mnamwomba radhi hapa gereji. Mlimtuhumu wapi?”

Chuoni tulifundishwa kulihoji andiko kabla ya kulieleza: nani anasema, kwa nani, lini, kwa nini. Tulipata alama nzuri. Lakini mtu aliye hai aliketi mbele yetu, nasi tukamweleza kabla ya kumsoma. Tulikuwa kama wale wanafunzi katika Injili ya Yohana, sura ya 9, waliomwona kipofu na swali lao la kwanza likawa nani aliyetenda dhambi. Yesu hakuwafuata huko. Yeye alianza na yule mtu.

Na kila mwaka tunawafundisha watoto wa kipaimara Katekisimo Ndogo ambayo Luther aliitoa mwaka 1529. Tunawaeleza kwamba amri ya nane haiishii kwenye kutosema uongo juu ya jirani. Inatutaka tumtetee na kuyaeleza mambo yake kwa upande ulio mwema. Kijana huyu aliijibu sehemu hiyo bila kukosea siku ya mtihani wake. Waliomtahini ni sisi.

Tulipanda mlima jioni ile, gari limetulia kiasi cha kutisha, maana ukimya ulitupa nafasi ya kusikia swali la mzee. Tulimtuhumu wapi? Ofisini, mbele ya watu saba. Kisha kwenye mitaa minne, kwa midomo isiyojulikana. Ufa hauzibwi mahali panapofikika kwa urahisi. Huzibwa pale ulipo.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Mavuno. Madhabahuni palikuwa na kabichi, viazi, pea, mahindi na kuku waliofungwa miguu, tayari kwa mnada wa baada ya ibada. Yesu anasema katika Mathayo, sura ya 5, juu ya mtu aliyekumbuka madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Aiache sadaka, aende kwanza. Basi kabla ya sadaka tulisimama mbele sote saba. Tuliwaambia washarika kwamba kijana hakuiba tone la mafuta, kwamba alituonya juu ya breki nasi tukamcheka, na kwamba mama mmoja na mtoto wake walikaribia kufa kwa kicheko hicho. Kanisa lilikuwa kimya. Jumamosi yake tulikuwa tumekwenda nyumbani kwa mama yake kumwomba radhi. Alitukaribisha chai. Hakusema amesamehe. Alisema, “Mmekuja. Kaeni.”

Hatuna mwisho mzuri zaidi ya huo. Kijana hakurudi kuendesha gari la usharika. Alikuwa amekwisha kupata kazi kwenye lori la mboga linalokwenda Dar es Salaam. Kwaya alirudi, lakini baada ya Krismasi. Mama yake sasa anakaa benchi la tatu. Msamaha wa Mungu tumeupokea katika maungamo kama tunavyoupokea kila Jumapili, kamili. Imani ya mtu iliyopasuka hutengenezwa polepole, na si sisi tunaopanga mwendo wake.

Kopo la plagi liko kwenye rafu ya ofisi ya usharika. Alituachia tulipomwomba. Likija shauri la mtu mbele ya baraza, mmoja wetu huinuka, hulishusha, na kuliweka mezani kabla ya sala ya kufungua. Kisha tunauliza: yeye mwenyewe ameona nini? Tunanyamaza mpaka amalize. Bwana atusaidie tusiache kunyamaza.